Shajara ya Boma la Kizingiti: ngome isiyofunga njia zote

Ngome zangu zote za nyuma katika Dwarf Fortress, mchezo wa kompyuta wa kujenga na kuendesha ngome ya vibeti, zilisalimika kwa namna moja. Adui akitokea, nanyanyua daraja, vibeti wanabaki ndani wakila uyoga na kunywa pombe, na mimi nasubiri hadi waliotuzingira wachoke waondoke. Boma linapona, lakini linaishi maisha ya mfungwa. Misafara inageuzwa mlangoni, wahamiaji wanauawa nje tukiwatazama, na askari hawajui vita ni nini mpaka siku dude la chini ya ardhi linapowatokea chumbani. Nimechoka kucheza hivyo. Safari hii nimejiwekea sharti: saa zote lazima pawe na angalau njia moja ambayo adui anaweza kuifuata kwa miguu, kutoka ukingo wa ramani hadi ndani ya boma.

Sharti hili lina maana ya kiufundi pia. Wavamizi wa mchezo huu hutafuta njia. Ikiwepo wataifuata hata iwe ndefu na imejaa mitego, maana mitego yetu hawaijui. Wakiikosa kabisa wanazurura nje, na hapo hujui watakaa wapi wala watamkuta nani. Basi hapa ninajenga njia kwanza, kuta baadaye.

Ninachezea toleo la picha, lile lililotoka Desemba 2022, katika hali ambayo wavamizi hawachimbi miamba. Kama kwako wanachimba, mengi ya hapa itabidi uyapime upya. Gharama nitaziandika kwa vibeti waliokufa, mitambo na magogo yaliyotumika, na saa nilizokaa mbele ya kompyuta. Mwaka wa mchezo una siku 336, yaani miezi 12 ya siku 28, hivyo kila ingizo lina tarehe yangu na majira ya boma.

6 Januari. Mwaka wa 1, machipuko hadi baridi

Vibeti saba wa mwanzo walifika chini ya kilima chenye mto upande wa mashariki. Mashamba, vitanda, kiwanda cha pombe na bohari ya biashara vyote vilikwenda kama kawaida, sina la kuongeza. Jengo la ulinzi lilikuwa moja tu: daraja la kunyanyua, upana miraba mitatu, kwenye mdomo wa handaki linaloingia kilimani. Mitatu kwa sababu mikokoteni ya wafanyabiashara haipiti penye upana wa chini ya hapo.

Kosa la kwanza lilikuwa hapo hapo. Unapoweka daraja, mchezo unakuuliza linyanyukie upande gani, na kuna chaguo la pili la daraja linalojivuta. Nililiweka la kujivuta bila kuangalia. Nilipolijaribu, daraja lilitoweka vizuri kabisa, na ardhi iliyokuwa chini yake ikabaki wazi kama barabara. Daraja la kujivuta hufaa juu ya shimo. Juu ya ardhi tambarare unalitaka lile la kunyanyuka, kwa sababu likisimama linakuwa ukuta, tena ukuta ambao hata mazimwi wavunja milango hawauwezi.

Nililibomoa nikalijenga upya. Gharama: saa moja na nusu yangu, na kazi ya kuunganisha kwa mara ya pili. Kwa anayeiga: wenzo unahitaji mtambo mmoja kuujenga, na kuuunganisha na daraja kunahitaji miwili zaidi, mmoja kila upande. Chonga mitambo kumi mapema, mawe yapo tele.

11 Januari. Mwaka wa 2, kiangazi

Vibeti 34. Nilikuwa nimeuweka wenzo kando ya lango, kwenye kijichumba cha walinzi, nikiamini kwamba wenzo wa lango mahali pake ni langoni. Hilo lilitugharimu wafu saba.

Kundi la magoblini lilijitokeza ghafla miraba kumi na tano kutoka darajani. Nilisimamisha mchezo, nikaamuru wenzo uvutwe, nikauachia uendelee. Kazi ya kuvuta wenzo humwangukia yeyote asiye na shughuli, na aliyeipokea alikuwa mchimbaji aliyekuwa machimboni, matabaka 22 chini ya lango. Nilimfuata kwa macho akipanda ngazi, tabaka baada ya tabaka. Alipofika katikati, mteka maji wa kwanza alishaanguka. Alipoushika wenzo, magoblini wawili walikuwa wamekanyaga daraja. Na hata baada ya kuvutwa, daraja halinyanyuki papo hapo, linachelewa hatua 100 za saa ya mchezo. Siku nzima ina hatua 1,200, kwa hiyo unaweza kudhani mia ni kidogo, lakini mtu anayetembea tu anavuka miraba kumi hivi ndani ya muda huo, na hawa walikuwa wakikimbia. Lilipoinuka hatimaye, mmoja aliyekuwa juu yake alirushwa hewani. Watatu walikuwa tayari ndani.

Marekebisho ni haya, na hayajanisaliti tangu siku ile. Nyenzo zote zimehamia ukumbi wa chakula, katikati ya boma, ambako kila mara kuna aliyekaa bila kazi. Tena nimemteua mshika wenzo. Katika waliojeruhiwa siku ile alikuwepo mwashi aliyepoteza mguu na sasa anatembea kwa mkongojo. Nilimtengea eneo lake la kuishi: ukumbi, ghala la pombe, kitanda na nyenzo, basi. Nikamwondolea kazi nyingine zote. Nimempa jina la Bawabu. Tangu hapo amri ya kuvuta hutekelezwa kabla sijahesabu tano.

Pia kila wenzo una jina lake. Jenga mazoea hayo ukiwa na wenzo mmoja, kwa sababu ukishakuwa na sita zinafanana kama mapacha.

19 Januari. Mwaka wa 2, vuli hadi baridi

Nilitaka mitego. Mtego wa kizimba ndio wenye nguvu kuliko yote kwa bei yake: mtambo mmoja na kizimba kimoja cha mbao, yaani gogo moja, na unamkamata yeyote anayeukanyaga, awe goblini au zimwi, ukubwa si kitu. Wasionaswa ni wachache, mfano koboldi, wale wezi wadogo, na kwa hao nimefunga mbwa kwa mnyororo kila mdomo wa njia. Mbwa humfichua mwizi kabla hajaingia.

Niliipanga mitego 12 katika handaki la lango, safu nne za mitatu mitatu, nikaridhika. Vuli msafara wa vibeti wenzetu ukafika, na ujumbe ukaniambia mikokoteni imetupita kwa kuwa boma halifikiki. Wakaingia wanyama wa mizigo peke yao na vitu vichache. Nilikuwa nimeagiza vyuma, na vyuma hivyo vilikuwa kwenye mikokoteni. Mkokoteni hauvuki mtego. Nililijua jambo hili zamani, nikalisahau kwa furaha ya kupanga mitego.

Kosa hili ndilo lililozaa ramani yote ya sasa, hivyo nalieleza kwa kirefu.

Boma lina njia mbili. Ya kwanza naiita Njia ya Gari: upana mitatu, imenyooka, miraba 14 tu kutoka nje hadi ua wa bohari, haina mtego hata mmoja, na ina daraja. Ya pili ni Njia ya Mbuzi: upana mmoja, inapinda mara saba ndani ya mwamba, urefu miraba 46, haina mlango wala daraja, na mitego yote 12 imehamia huko. Siku za amani daraja liko chini na kila mtu, vibeti na wageni, anapita Njia ya Gari kwa sababu ndiyo fupi. Adui akionekana, Bawabu anavuta wenzo, Njia ya Gari inakuwa ukuta, na kwa adui inabaki ile ya Mbuzi. Sharti langu halijavunjwa, njia bado ipo wazi, ila sasa naichagua mimi.

Gharama: siku tatu za wachimbaji wawili, na msafara mmoja uliopotea. Saa zangu nne.

2 Februari. Mwaka wa 3, kiangazi hadi baridi

Ua wa bohari uko wazi juu, umezungushiwa ukuta wa mawe wa tabaka moja. Magoblini wanapanda kuta. Basi nikaamua kuchimba handaki la nje kuuzunguka, na katika handaki hili nimekosea mara tatu mfululizo.

Mara ya kwanza nilichimba kwa amri ya kufukua kutoka juu. Amri hiyo huacha mteremko chini ya kila mraba uliofukuliwa. Kwa mtazamo wa juu unaona shimo, lakini kwa hali halisi umejenga bonde zuri ambalo mtu anashuka upande huu na kupanda upande ule bila jasho. Mwizi wa watoto alinionyesha hilo kwa kulivuka huku nikimtazama. Dawa ni kuondoa miteremko yote baada ya kufukua, na wachimbaji wenyewe watoke kwa ngazi utakayoiondoa mwisho.

Mara ya pili nikaona nilijaze maji ya mto. Nilifanya kwa utaratibu: mlango wa maji wa jiwe, wenzo wake ukumbini, mraba wa mwisho ukatobolewa mlango ukiwa umefungwa. Maji yakafika kina cha saba, ambacho ndicho cha juu kabisa, na handaki likapendeza machoni. Nikahesabu kazi imekwisha.

Mara ya tatu haikuhitaji kosa jipya, baridi ilitosha. Mwezi wa pili wa baridi maji yote yaliganda. Handaki langu likawa sakafu. Magoblini wanane walitembea juu ya barafu, wakapanda ukuta, wakaingia uani penye vibeti watano waliokuwa wakipanga mbao. Wawili walikufa, akiwemo fundi wetu pekee wa vito. Kikosi changu cha watu sita kiliwafikia wakiwa bado uani na kuwamaliza, kwa mikuki ya shaba, ovyo ovyo, lakini waliwamaliza. Kwenye ramani yenye baridi ya kugandisha, usitegemee maji ya wazi kuwa ukuta. Ingekuwa nchi ya joto ningeyaacha.

Sasa handaki ni kavu, kina matabaka mawili, bila miteremko. Juu ya ukuta wa ua nimeongeza sakafu inayotokeza mraba mmoja kuelekea nje, kwa sababu mpandaji akifika chini ya sakafu hiyo hana pa kushika. Miti yote iliyo karibu na ukuta imekatwa, maana wanapanda miti pia. Na maji? Nilihitaji kuyatoa barafu ilipoyeyuka, nikachimba mfereji wa chini unaoyamwaga kwenye pango la kwanza la chini ya ardhi. Ulifanya kazi ndani ya wiki mbili za boma. Njia ya kuufikia mfereji nimeifunga kwa mlango wa jiwe.

Gharama: vibeti wawili, saa zangu tisa. Ndiyo hatua ghali kuliko zote hadi sasa kwa muda.

9 Februari. Mwaka wa 4, machipuko

Sikupanga kuandika ingizo la hospitali katika shajara ya ulinzi, lakini tukio hili limeua wengi kuliko magoblini wa barafuni.

Alikuja mtu-mjusi, yule anayegeuka mnyama mwezi ukiwa mpevu. Alikuja peke yake, siku ya amani, daraja likiwa chini. Kikosi kilimzunguka uani na kumuua upesi. Askari mmoja, dada mwenye shoka ambaye nilikuwa nimeanza kumpenda kwa jinsi alivyotangulia mbele kila mara, alitoka na jeraha dogo. Akafungwa bandeji, akalazwa, nikampa nafasi nzuri kando ya kisima.

Mwezi uliofuata aligeuka. Hospitali ilikuwa na wagonjwa wanne na mganga mmoja, na hakubaki hata mmoja. Baada ya mazishi nilirudi kusoma taarifa za mapigano ya siku ile ya kwanza, mstari kwa mstari. Ulikuwepo. Mjusi anamng'ata mkono wa kushoto, ngozi inachanika. Mstari mmoja kati ya mistari mia moja na zaidi, na mimi nilikuwa nimeuruka.

Tangu hapo utaratibu ni huu. Baada ya pambano lolote na kiumbe wa aina hiyo, mchezo unasimama na taarifa zinasomwa zote, hata zikichukua nusu saa, nikitafuta neno la kung'ata peke yake, maana mkwaruzo wa kucha hauambukizi. Aliyeng'atwa anapelekwa chumba cha kutengwa: mraba mitatu kwa mitatu, kitanda, na ukuta wa mawe unaojengwa nyuma yake. Ukuta kamili, bila mlango. Vyumba vinne viko tayari. Sijavitumia, na ningefurahi visitumike, ila sitajenga boma lingine bila kuwa navyo kabla ya mwaka wa pili.

Gharama: vibeti sita kwa jumla. Saa mbili, nyingi zikiwa za kusoma.

23 Februari. Mwaka wa 5, kiangazi

Mzingiro wa kwanza wa kweli. Vibeti 92 ndani, adui 31 nje, wakiwemo mazimwi watatu. Bawabu alivuta wenzo, daraja likasimama, waliokuwa nje wakaingia kwa tahadhari ya raia, yaani eneo la hifadhi ambalo wote wasio askari hulazimika kubaki humo amri ikitoka. Adui wakasita kidogo, kisha safu ikageuka kuelekea Njia ya Mbuzi kama nilivyochora. Nilisimama mbele ya meza kwa dakika hizo, sikuweza kukaa.

Mitego 12 ilinasa 12, wakiwemo mazimwi wawili. Wa kumi na tatu akapita juu ya vizimba vilivyojaa. Hili nililitarajia, mtego wa kizimba hufanya kazi mara moja kisha unasubiri kibeti aje kuondoa kizimba na kuweka kingine. Nisichokitarajia ni kwamba vibeti wawili wa kubeba mizigo walitoka kwenda kufanya hivyo vita vikiendelea. Tahadhari ya raia nilikuwa nimeichora ikiumeza mdomo wa ndani wa Njia ya Mbuzi, kwa hiyo kwa hesabu zao mtego wa karibu ulikuwa ndani ya hifadhi. Walikufa wakiwa wamebeba kizimba kipya mikononi.

Juu ya Njia ya Mbuzi, upande wa kushoto, kuna roshani ya wapiga mishale, tabaka moja juu, yenye matundu ya kupigia yaliyochongwa kwenye mwamba. Wapiga mishale nane wenye pinde za kufyatua. Kibeti aliyesimama kando ya tundu hupiga kwa uhuru, na adui aliye mbali na tundu hilo ana shida kubwa kuupitisha mshale wake ndani. Kwa dakika za mwanzo walifanya kazi ya kutisha. Kisha wakanyamaza. Kisha nikawaona wakiiacha roshani, wakishuka ngazi wakiwa wameinua pinde zao juu kama marungu.

Mishale ilikuwa imekwisha. Mpiga mishale asiye na mshale haendi kujificha, anakwenda kupigana kwa mti wa upinde. Tulikuwa na mishale 300 mwanzo wa mwaka, lakini kwenye mipangilio ya kikosi niliacha mishale yote itumike kwa mazoezi na kwa vita bila kutenganisha, na uwanja wa shabaha uliimeza. Watano kati ya wanane walikufa kwenye kona ya tano ya njia.

Walioliokoa boma ni kikosi cha shoka. Kambi yao ya mazoezi nilikuwa nimeiweka mdomoni kabisa mwa Njia ya Mbuzi, upande wa ndani, chumba cha miraba saba kwa saba. Njia ina upana wa mmoja, chumba kina nafasi ya wengi, kwa hiyo kila goblini aliyechomoza alikutana na shoka tatu peke yake. Waliobaki wakaja hivyo, mmoja baada ya mwingine, na zimwi la tatu likiwa la mwisho. Askari mmoja alivunjika taya, basi.

Na bado, vita vikiisha, nilipoteza kibeti mwingine. Niliondoa tahadhari mapema, raia wakatoka nje kukusanya nguo na viatu vya waliokufa, na magoblini wawili wenye pinde waliokuwa wamekimbilia ukingoni mwa ramani wakampata msusi.

Haya ndiyo niliyobadilisha:

Hifadhi ya raia sasa inaishia vyumba viwili nyuma ya kambi. Vitu vya waliokufa vinapigwa marufuku moja kwa moja kupitia amri za kudumu, na ninaviachia mwenyewe nikishauhakiki ukingo wote wa ramani. Mishale imegawanywa: ya mbao na mifupa kwa mazoezi, ya chuma kwa vita tu. Mche mmoja wa chuma hutoa mishale 25, hivyo miche 20 inatupa 500, na tuliiyeyusha kutoka silaha za magoblini wenyewe. La mwisho na kubwa zaidi, ngazi ya kutoka roshanini kwenda Njia ya Mbuzi imezibwa. Roshani inafikiwa kutoka juu, kupitia malazi yao. Mishale ikiisha watalazimika kuzunguka boma zima kabla ya kufika vitani, na muda huo unanitosha kuwapa amri nyingine.

Gharama: vibeti wanane. Magogo 12, mitambo 12 zaidi, maana mitego sasa ni 24. Saa saba.

Wafungwa 12 waliokuwa vizimbani niliwavua silaha kwa kuamuru vitu vyao vitupwe huku kizimba chenyewe kikiachwa, kisha nikawaachilia mmoja mmoja kwenye kambi ya mazoezi. Najua wapo wachezaji wasiopenda hili. Mimi nilikuwa na makuruta wanne ambao mara yao ya kwanza kukutana na adui wa kweli ingekuwa mzingiro ujao, na sikutaka wafe siku hiyo.

8 Machi. Mwaka wa 6, machipuko

Kumbuka ule mfereji wa kumwagia maji pangoni.

Mapangoni humu kuna madude ya kale, kila moja na umbo lake, na hayaogopi mitego kwa sababu huikwepa. Moja lilikuja kufuata mfereji ule mkavu hadi kwenye mlango wa jiwe. Mlango kwake ulikuwa kama pazia. Lilikuwa na mwili wa chumvi na vumbi lenye sumu, na likatokea kwenye ghala la nafaka, mahali pasipo na askari, pasipo na mbwa, matabaka manne chini ya ulinzi wangu wote.

Vibeti watatu waliovuta vumbi lile walikufa baadaye kitandani. Dude lenyewe lilivunjikavunjika kwa pigo la kwanza la nyundo la kamanda, chumvi ikamwagika sakafuni. Mwili dhaifu namna hiyo ni bahati. Lingekuwa la shaba au la jiwe, shajara ingeishia hapa.

Nilikuwa nimehesabu njia mbili, kumbe boma lilikuwa na tatu. Nilikaa jioni nzima nikipita tabaka moja moja na kuorodhesha kila tundu linalogusa nje au pango: mfereji, kisima cha hospitali, ngazi ya zamani ya kutafutia madini, na bomba la moshi ambalo sikukumbuka kwa nini nilikuwa nimelichimba. Mfereji umejengewa ukuta. Kisima kimewekewa kimiani cha jiwe chini yake. Ngazi ya madini imebaki wazi ila sasa ina daraja lake la kunyanyua na wenzo wa nne pale kwa Bawabu. Bomba limezibwa.

Gharama: vibeti watatu, saa tano.

22 Machi. Mwaka wa 7, vuli

Mzingiro wa pili, na umekuja wakati mbaya kuliko wote: msafara wa vuli ulikuwa uani, mikokoteni miwili, wafanyabiashara wakifungua mizigo. Adui 44, wanne kati yao mazimwi.

Daraja lilisimama kabla wa kwanza hajafika nusu ya uwanda. Msafara ukabaki ndani ya ua, salama. Safu iligeukia Njia ya Mbuzi. Mitego 24 ilinasa 23, mmoja nilikuwa sijaujaza tangu majira yaliyopita, kosa langu. Wapiga mishale walikuwa kumi, na safari hii sikuwasikia wakinyamaza. Walioanguka chini ya roshani ni 13. Waliofika mdomoni mwa kambi ni watano, na wawili kati yao walikuwa wameshachomwa mishale miguuni. Watatu waliobaki nyuma walikimbia.

Kwetu amekufa mbwa wa mdomo wa nje wa Njia ya Mbuzi, aliyefungwa mahali ambapo hakuwa na namna ya kuondoka. Nimemsogeza mrithi wake miraba mitano ndani, baada ya kona ya kwanza, ambako bado atamnusa mwizi lakini mtego wa kwanza uko mbele yake.

Tahadhari niliiacha siku sita kamili baada ya wa mwisho kutoka kwenye ramani. Kisha Bawabu akashusha daraja, mikokoteni ikatoka kwa Njia ya Gari ikiwa imejaa vikombe vyetu vya mawe, nasi tukabaki na miche 30 ya chuma na mawe ya chokaa ambayo hatukuwa nayo kwenye kilima chetu. Kwa chokaa na mkaa tutaanza kutengeneza chuma cha pua, kofia na vifuani kwanza, kwa kikosi cha kambi. Hatua inayofuata nitaiandika vazi la kwanza likishapigwa.